Maji Hufuata Chumvi

Mvua ya masika inapotua Bungoma na Trans Nzoia, kati ya Machi na Aprili, barabara za kuingia Kitale hujaa matrekta, mikokoteni ya punda na bodaboda zilizobeba mifuko ya mbegu na mbolea. Wiki mbili baadaye malalamiko huanza. Katika shamba moja mahindi yamechomoza mstari mzima bila pengo. Katika shamba la jirani, lililopandwa siku hiyo hiyo kwa mbegu ya aina hiyo hiyo, kuna mapengo ya hatua mbili tatu, na miche iliyobahatika kutoka ina majani yaliyokauka nchani. Lawama ya kwanza huangukia mbegu kwamba ni feki. Ya pili huangukia ndege na panya. Zote mbili huwa za kweli mara nyingine. Lakini mkulima akishika jembe na kufukua taratibu pale penye pengo, huenda akakuta ushahidi mwingine: punje iliyovimba kidogo kisha ikakoma, kizizi chake kimegeuka rangi ya kahawia, na chembe za mbolea zimeigandamia.

Udongo ulikuwa na unyevu wa kutosha. Mbegu hiyo haikukosa maji, ilinyang'anywa.

Kilichoinyang'anya ni osmosisi, na mazungumzo ya leo ni juu ya nguvu hiyo isiyoonekana kwa macho. Wanafunzi wa sekondari huikariri kwa ajili ya mtihani, kisha wengi wao huiacha darasani. Ilhali inafanya kazi katika kila shina la mhindi, katika kila tone la damu, na katika tumbo la kila mtoto anayeharisha.

Seli, ambayo ndiyo sehemu ndogo kabisa ya kiumbe inayoweza kuitwa hai, imezungukwa na utando mwembamba mno. Ndani ya utando huo kuna maji yaliyoyeyusha chumvi, sukari na protini. Nje pia kuna maji yenye vitu vyake. Utando wenyewe hufanya kazi kama chekecheke: maji hupenya kwa urahisi, ilhali chumvi na sukari huzuiwa, au hupitishwa kwa milango maalumu tu. Vitu vilivyoyeyuka vikiwa vingi upande mmoja kuliko mwingine, maji huhamia upande huo wenye vingi, na huendelea kuhamia mpaka pande mbili zilingane au kitu fulani kiyazuie. Seli haiamui jambo hilo, wala haina uwezo wa kukataa.

Kwa hiyo seli yoyote ikitiwa katika mmumunyo, mambo matatu tu yanaweza kutokea. Mmumunyo ukiwa mwepesi kuliko ulio ndani, maji huingia na seli hutuna. Ukiwa mkali kuliko ulio ndani, maji hutoka na seli husinyaa. Ukiwa sawa, yanayoingia hulingana na yanayotoka, na seli hubaki kama ilivyokuwa.

Anayetaka kuyaona haya kwa macho yake hahitaji maabara. Kiazi kimoja cha sokoni kinatosha. Kikimenywa na kukatwa vipande vitatu vyembamba vya urefu mmoja, kila kipande hutiwa katika kikombe chake: cha kwanza kina maji matupu, cha pili kina maji yenye chumvi kidogo, cha tatu kina maji ya chumvi kali. Baada ya saa moja, kipande cha kwanza huwa kigumu, kimerefuka kidogo, na kikikunjwa hukatika kwa mlio. Cha tatu huwa kimelegea kiasi cha kuzungushwa kidoleni bila kuvunjika, nacho kimefupika. Cha kati hutegemea chumvi iliyotiwa. Ikilingana na ukali wa maji yaliyomo ndani ya kiazi, hakibadiliki. Walimu wa biolojia hulifanya jaribio hili na wanafunzi wao mwaka baada ya mwaka, na mzazi anaweza kulifanya jikoni na watoto wake huku akisubiri ugali uive.

Seli za kiazi hazikupasuka katika maji matupu kwa sababu mmea una kinga ambayo mnyama hana. Nje ya utando kuna ukuta mgumu wa selulosi. Maji yakiingia, seli hutuna na kuusukuma ukuta, nao ukuta husukuma kurudi ndani, mpaka maji mengine yanashindwa kuingia. Msukumo huo ndio unaousimamisha mche mchanga ambao bado hauna mti wa kuutegemeza. Mama mboga wa soko la Kitale anayerushia maji mafungu yake ya sukuma wiki na managu jua linapopanda anaifahamu kazi hiyo vizuri: jani lililolegea likipata maji hujikaza tena, na mnunuzi hulipenda.

Wanasayansi walichukua muda mrefu kuielewa nguvu hii. Mwaka 1748 Mfaransa Jean-Antoine Nollet alifunga chombo cha pombe kali kwa kibofu cha nguruwe na kukizamisha ndani ya maji. Kibofu kikafura kwa maji yaliyopenya. Mholanzi Jacobus van 't Hoff alionyesha jinsi ya kupiga hesabu ya msukumo huo, na mwaka 1901 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia, ya kwanza kabisa kutolewa. Hata hivyo, swali la jinsi maji yanavyopita kwa kasi katika utando wenye mafuta halikupata jibu kamili mpaka mwaka 1992, pale Mmarekani Peter Agre na wenzake walipoitambua protini inayofanya kazi ya mlango wa maji peke yake. Mlango mmoja hupitisha takriban molekuli bilioni 3 za maji kwa sekunde moja huku ukiizuia chumvi. Agre alipata Nobel mwaka 2003.

Turudi sasa kwenye lile shimo lenye pengo.

Kitale ni mji uliokua pamoja na mahindi. Kenya Seed Company ilianzia hapo mwaka 1956, na mwaka 1964 mbegu chotara ya H611, iliyozalishwa na watafiti wa Kitale, ikatolewa kwa wakulima. Pamoja na mbegu hizo mkulima alizoea mbolea ya dukani: DAP ya kupandia na CAN ya kukuzia. Mbolea hizi ni chumvi. Si chumvi ya mezani, lakini kwa upande wa osmosisi hufanya yale yale. Chembe za DAP zikikaa zimegusana na mbegu, maji ya udongo huziyeyusha na kuwa mmumunyo mkali pale pale penye kizizi. Maji ambayo yangeingia katika seli za kizizi huzuiwa, na yaliyokwisha kuingia huvutwa kutoka. DAP huongeza dhara jingine: inapoyeyuka hutoa amonia, ambayo ni sumu kwa mche mchanga. Mvua ikikatika siku chache baada ya kupanda, hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa maji hupungua udongoni na chumvi ile ile hubaki katika maji machache.

Haya hayana maana kwamba mbolea ni adui. Mzizi wenyewe unaitegemea chumvi ili uweze kunywa. Seli za mzizi hutumia nguvu kuvuta madini kutoka udongoni na kuyarundika ndani yake, mpaka ndani kunakuwa kukali kidogo kuliko nje. Hapo ndipo maji huingia yenyewe. Kinachogeuza chakula kuwa moto ni kipimo na mahali pa kuweka.

Ndiyo sababu somo la kupanda halikosekani mahali kama Mabanga, katika kaunti ya Bungoma, penye kituo cha kuwafunza wakulima. Shirika la One Acre Fund nalo lilianza kazi yake Bungoma mwaka 2006, na miongoni mwa mambo liliyoyasisitiza kwa wakulima wadogo ni kupanda kwa kamba na kupima mbolea shimo kwa shimo badala ya kuimwaga kwa kiganja. Kifuniko cha soda kimekuwa kipimo cha wakulima wengi. Utaratibu ni mwepesi: mbolea hutangulia shimoni, hufunikwa au huchanganywa na udongo, ndipo mbegu ifuate. Udongo mchache kati ya mbegu na mbolea hutosha kuupunguza ukali. CAN nayo, mahindi yakifika magotini, huwekwa chini, umbali wa kiganja kutoka kwenye shina. Anayeirusha kutoka juu kwa haraka huacha chembe zikatumbukia katika faneli ya majani, zikayeyuka kwa umande, na siku chache baadaye majani machanga hutoka yakiwa na mabaka meupe yaliyokauka.

Osmosisi ndiyo silaha ya mwizi mwingine wa magharibi ya Kenya. Striga, gugu lenye maua ya zambarau ambalo Waluo huliita kayongo, halisumbui sana nyanda za juu zenye baridi za Kitale, lakini katika maeneo ya chini ya Bungoma na Busia limewafanya wakulima wengi kukata tamaa. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi. Mmea mmoja hutoa makumi ya maelfu, nazo huweza kukaa udongoni zaidi ya miaka 10 zikingoja. Mzizi wa mhindi unapopita karibu na kutoa kemikali zake za kawaida, mbegu huamka, humea na kujiunga na mzizi huo.

Kisha huanza kunyonya. Striga hurundika ndani ya seli zake vitu vingi vilivyoyeyuka, hasa sukari-pombe iitwayo manitoli, hivi kwamba utomvu wake huwa mkali kuliko wa mhindi. Vinyweleo vya majani yake, yaani vile vitundu vya kupumulia, hubaki wazi hata pale mhindi unapovifunga vya kwake ili kuokoa maji. Kwa hiyo maji na chakula huhama kutoka kwa mwenyeji kwenda kwa mgeni. Mkulima huona mahindi yake yamenyong'onyea kama yaliyopigwa na ukame, ilhali udongo una unyevu, na sehemu kubwa ya hasara hutokea kabla gugu lenyewe halijachomoza juu ya ardhi.

Dawa ipo, na iligunduliwa jirani. Watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, huko Mbita, kando ya Ziwa Victoria, wakishirikiana na taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya na ile ya Rothamsted ya Uingereza, walibuni kilimo cha kuchanganya mahindi na mmea wa malisho uitwao desmodiamu, huku nyasi za nepia zikizunguka shamba. Nepia huwavuta nondo wa mabua waondoke kwenye mahindi. Mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali zinazoamsha mbegu za striga na kuzizuia zisishike mzizi wa mhindi, hivyo zinakufa bila kupata wa kumnyonya. Ng'ombe nao hupata malisho.

Pwani kuna mimea inayoishi katika chumvi ambayo ingeua shamba zima la mahindi. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Mikoko ya Lamu na ya Gazi husimama ndani yake kila maji yanapojaa. Mkoko huichuja sehemu kubwa ya chumvi mizizini. Mchu, aina nyingine ya mikoko, huiruhusu kupanda kiasi, kisha huitoa kupitia majani. Ukilamba jani la mchu wakati wa kiangazi, utaonja chumvi hiyo.

Nguvu hiyo inayoua mbegu huhifadhi pia chakula. Samaki wa Ziwa Turkana hupasuliwa, hutiwa chumvi, huanikwa, kisha husafirishwa kupitia Lodwar kuja Kitale na miji mingine ya magharibi. Bakteria akitua juu ya nyama hiyo hukutana na chumvi kali kuliko maji yaliyo ndani ya mwili wake wa seli moja. Maji humtoka, naye hawezi kuzaana. Sukari hufanya vivyo hivyo katika jemu, na asali iliyoiva huhifadhika miaka mingi kwa sababu hiyo hiyo.

Mwili wa binadamu na wa wanyama hauna ukuta wa selulosi wa kuzikinga seli zake. Seli nyekundu ya damu ikidondoshewa maji matupu hutuna na kupasuka mara moja. Ikitiwa katika chumvi kali husinyaa na kujikunja pembeni. Hubaki salama katika mmumunyo wa chumvi wa asilimia 0.9, yaani gramu 9 kwa lita, nao ndio ulio ndani ya chupa nyingi za dripu zinazotundikwa hospitalini. Hakuna daktari anayemtundikia mgonjwa maji matupu, hata yawe safi namna gani, maana yangezipasua seli za damu ndani ya mishipa.

Kwa kuwa damu na majimaji ya mwili lazima yawe na chumvi ya kiasi fulani, na majani yana sodiamu kidogo sana, wanyama walao majani huitafuta popote ilipo. Magharibi ya Kitale, katika Mbuga ya Taifa ya Mlima Elgon, tembo wameingia kwa vizazi vingi katika pango la Kitum, gizani kabisa, wakipapasa kwa mikonga, na kuzichonga kuta kwa pembe zao ili wapate mawe yenye chumvi ya kutafuna. Alama za pembe ziko ukutani mpaka leo. Mfugaji wa Trans Nzoia anayewawekea ng'ombe wake chumvi ya kulamba anawapa kile ambacho tembo hukifuata pangoni.

Pahali ambapo elimu hii imeokoa maisha mengi zaidi ni katika tumbo la mtoto anayeharisha. Katika kipindupindu, kwa mfano, sumu ya bakteria huzifanya seli za utumbo kumwaga chumvi ndani ya utumbo, na maji huifuata. Mgonjwa anaweza kupoteza lita nyingi kwa siku moja. Kumpa maji matupu hakutoshi, kwa sababu hana cha kuyavuta yarudi mwilini.

Ufunguo ulipatikana mwaka 1960, pale Mmarekani Robert Crane alipoeleza kwamba katika seli za utumbo kuna mlango unaoingiza sodiamu na glukosi kwa pamoja. Mlango huo haufungwi na kipindupindu. Chumvi na sukari vikiingia pamoja kwa kipimo, maji hufuata kwa osmosisi. Mwaka 1971, wakati wa vita vya ukombozi wa Bangladesh, kipindupindu kiliwashambulia wakimbizi waliojaa Bangaon, mpakani mwa India. Dripu zilikuwa zinakwisha. Daktari Dilip Mahalanabis aliamua kuwanywesha wagonjwa maji yenye chumvi na glukosi, yaliyogawiwa hata na jamaa za wagonjwa wenyewe. Vifo, vilivyokuwa vimekaribia asilimia 30, viliteremka hadi asilimia 3.6 kati ya waliotibiwa hivyo.

Kipimo ndicho kilichoendelea kuboreshwa. Mchanganyiko wa kwanza wa ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kuyeyusha katika maji ya kunywa, wa Shirika la Afya Duniani ulikuwa na ukali wa miliosmoli 311 kwa lita, juu kidogo ya damu, ambayo huwa karibu 290. Mwaka 2002 uliteremshwa hadi 245: gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, gramu 13.5 za glukosi, gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu na gramu 2.9 za sitrati kwa lita moja. Kwa kuwa mpya ni mwepesi kuliko damu, maji huingia mwilini kwa urahisi zaidi. Kuharisha na kutapika hupungua, na watoto wachache zaidi huhitaji dripu.

Hapa ndipo makosa ya nyumbani huumiza. Soda ina takriban gramu 100 za sukari kwa lita, mara saba na zaidi ya sukari iliyo katika ORS. Mtoto anayeharisha akinyweshwa soda, au ORS iliyochanganywa na maji nusu ya kipimo ili "iwe na nguvu", mmumunyo ule mkali huyavuta maji ya mwili kuingia utumboni. Mzazi anadhani anamsaidia, kumbe mtoto anazidi kuharisha.

Msikilizaji wa Mabanga, Kitale au popote unapotusikia, mambo mawili yanaweza kufanywa bila gharama kubwa. Msimu ujao wa kupanda, pima mbolea kwa kifaa kimoja shimo kwa shimo, na usiache mbegu iiguse. Nyumbani weka pakiti za ORS pamoja na vidonge vya zinki, navyo hupatikana katika vituo vya afya na maduka ya dawa. Soma pakiti kwanza, kwa sababu nyingine ni za nusu lita na nyingine ni za lita nzima, kisha tumia maji safi kwa kipimo hicho hasa. Pakiti ikikosekana, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu, katika lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vitamsaidia mtoto kwa muda. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Akiwa hawezi kunywa, anatapika kila kitu, anaharisha damu, macho yamezama au analegea na kusinzia, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, huku ukiendelea kumnywesha njiani kidogo kidogo ikiwa anaweza kumeza.